Ukumbi wa chama katika Guild Wars 2: kipi kinalipa na kipi ni mbwembwe

Kwa muda wa miezi saba hivi, kila jioni nilipotoka kazini nilikuwa nikimpeleka mhusika wangu wa Guild Wars 2 hadi kijiji cha Jaka Itzel, ndani ya msitu wa Verdant Brink, kuchuma mbegu za kitani. Mimi mwenyewe sikuwa na haja nazo. Iliyozihitaji ni hazina ya chama chetu cha wachezaji, ambayo ilidai mafuta ya kitani kila tulipotaka kuinua jengo jingine katika ukumbi wetu, na kwa kuwa kila chama katika mchezo huo kilikuwa kikidai mafuta yaleyale, bei ya mbegu sokoni ilikuwa imepanda kiasi kwamba kuchuma kwa mkono kulikuwa nafuu kuliko kununua. Leo ukumbi huo umekamilika, una taa, mabango, bustani na ngazi za mawe, na ninaweza kuutazama kwa macho ya mtu aliyemaliza kulipa deni. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya viongozi wa vyama ambao sasa wamesimama pale tuliposimama sisi, wakiwa na dhahabu kiasi mkononi na wanachama wenye hamu, wakijiuliza kama jumba la fahari lina thamani ya jasho litakalomwagwa.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, Guild Wars 2 huchezwa mtandaoni na maelfu ya watu kwa pamoja. Ulitengenezwa na kampuni ya ArenaNet ya Marekani na kufunguliwa rasmi tarehe 28 Agosti 2012. Hauna ada ya kila mwezi. Kinacholipiwa ni upanuzi, yaani nyongeza kubwa za mchezo, unaotolewa mara kwa mara. Chama kinaweza kusajili watu hadi 500, ingawa katika vyama nilivyopitia mimi wanaoonekana kweli usiku hawazidi 30 au 40. Kumbi za vyama zilikuja pamoja na upanuzi wa kwanza, Heart of Thorns, tarehe 23 Oktoba 2015, zikiwa mbili za kuchagua: Gilded Hollow, ambao ni pango kubwa lenye magofu ya dhahabu, na Lost Precipice, ambao uko kwenye magenge chini ya anga wazi. Baadaye upanuzi wa Path of Fire wa mwaka 2017 ukaleta ukumbi wa jangwani unaoitwa Windswept Haven, na ule wa End of Dragons wa Februari 2022 ukaleta Isle of Reflection. Chama hushika ukumbi mmoja tu kwa wakati mmoja, na kikihama maboresho kiliyokwisha kuyafanya hukifuata.

Kuupata ukumbi ni jambo jepesi na, nikiri, ni jambo tamu. Chama hulipa dhahabu 100 pamoja na alama za hisani zinazotokana na misheni za chama za kila wiki, kisha wanachama huingia pamoja katika magofu na kuwafukuza maadui waliojaa humo, kundi baada ya kundi, huku saa ikihesabu. Ugumu wa mapambano hupanda na kushuka kulingana na idadi ya waliofika, kwa hiyo hata chama kidogo kinaweza kushinda. Sisi tulikuwa 11. Mmoja aliunganishwa kutoka Muscat, wawili walikuwa Ujerumani, mimi nilikuwa Tanga nikiomba umeme usikatike, na tulipoona mlango umefunguliwa tulipiga kelele kwenye simu kama watu waliofunga bao dakika ya 90. Jioni hiyo ndiyo iliyotudanganya. Tulidhani tumenunua nyumba, kumbe tulikuwa tumenunua kiwanja.

Baada ya hapo kila jengo hukarabatiwa kwa zamu: mgodi, baa, karakana, soko, chumba cha vita na uwanja wa mapambano. Kila ukarabati, na kila ngazi ya kuuboresha, kwa kawaida hudai vitu vinne, yaani dhahabu, alama za hisani, mali ghafi za kila namna, na aetherium, mali ya pekee ambayo huzalishwa polepole na mgodi wa ukumbi wenyewe na kulimbikizwa mpaka ghala lake lijae. Huwezi kuharakisha aetherium kwa bidii. Utangoja tu, hata kama hazina yako imefurika, na nadhani watengenezaji walikusudia hivyo ili vyama vyenye fedha visimalize ujenzi ndani ya juma moja. Mali ghafi nazo hutiwa hazinani na mwanachama yeyote, na kikishaingia kitu hakitoki tena. Hakuna anayeweza kurudishiwa mbao zake hata akihama chama kesho yake.

Yeyote aliyewahi kuwamo katika kamati ya harusi Tanzania ataitambua hali hii mara moja. Kuna mweka hazina mwenye orodha, kuna wanaoahidi na kuchelewa, kuna wanaotoa kimya kimya zaidi ya uwezo wao, na kuna yule anayetoa kidogo mbele ya watu wengi. Kuna pia kile kiwango kisichosemwa ambacho mtu akitoa chini yake hujihisi amejishusha. Kwetu hakuna aliyelazimishwa, lakini hazina huonyesha wazi kilichopungua, na macho ya watu yakishazoea kuona pengo lilelile kila siku, pengo hilo huwa deni la kila mmoja. Tofauti na harusi ni kwamba harusi ina tarehe. Ukumbi hauna tarehe, na kamati isiyo na tarehe haivunjwi.

Suala la fedha halisi pia lisifichwe. Katika mchezo huu vito 800 huuzwa kwa dola 10 za Marekani, na vito hivyo hubadilishwa kuwa dhahabu kwa kiwango kinachopanda na kushuka kwa kufuata mahitaji ya wachezaji. Maana yake ni kwamba kila ubao na kila chupa ya mafuta ya kitani ina bei ya shilingi nyuma yake, hata kama aliyeutoa ameupata kwa kukata mti mwenyewe. Mwanachama wetu mmoja, aliyechoka kuchuma, alinunua vito mara mbili ili tumalize ngazi moja ya karakana. Hakuulizwa na hakujisifu, nami nilikuja kulijua jambo hilo baada ya miezi mingi. Lakini toka siku nilipolijua sijaweza kuitazama karakana ile bila kufikiri kwamba gharama ya chama hugawanywa vibaya, na kwamba mwenye haya ndiye huishia kulipa zaidi.

Sasa tuje kwenye kile kinachopatikana. Mgodi unalipa, kwa sababu bila mgodi hakuna kinachosonga. Baa inalipa zaidi ya kitu kingine chochote: mwanachama huingia, huzungumza na mhudumu, na hutoka na nyongeza ya muda inayomsaidia kupata uzoefu, karma (aina nyingine ya fedha za mchezoni) au bahati ya vitu adimu. Ni huduma ndogo, lakini ndiyo inayomfanya mtu apite ukumbini kabla ya kwenda shughulini kwake, na akipita huwakuta wenzake. Vyanzo vya madini, mbao na mimea ambavyo chama kinaweza kuviweka ndani ya ukumbi navyo huvunwa kila siku na kumrudishia mtu sehemu ya alichotoa. Soko lina wauzaji wa silaha na mavazi yenye nembo ya chama, jambo ambalo wageni hulipenda na wazee hulisahau. Hayo yote niliyoyataja, katika ngazi zake za chini, yana thamani kwa chama cha watu kumi na kuendelea, na sitamshauri mtu ayaache.

Chumba cha vita ni habari nyingine, nacho kina jibu moja kwa chama cha wapiganaji na jibu tofauti kabisa kwa chama cha watalii. Katika mapambano ya ulimwengu dhidi ya ulimwengu, chama kinaweza kuchukua ngome na kuiwekea mbinu na maboresho yaliyotengenezwa ukumbini: kituo cha dharura cha kusafiria, kuta zisizovunjika kwa muda mfupi, ukungu wa baridi, meli ya angani inayowashambulia wavamizi, bendera ya joka. Niliwahi kuiona ngome ikiokolewa na kituo cha dharura kilichofunguliwa wakati lango la ndani limebaki na asilimia chache, na nilielewa usiku ule kwa nini vyama vya vita havilalamikii gharama. Lakini chama chetu huenda huko labda mara moja kwa mwezi. Sisi tulijenga chumba cha vita kwa sababu ramani ilionyesha jengo lililobomoka na hatukupenda kuliona limebomoka. Hiyo ndiyo sababu mbaya kuliko zote za kutumia dhahabu, na tuliitumia.

Mapambo ndiyo yaliyonifanya niandike. Pamoja na kumbi hizi ililetwa fani mpya ya uandishi wa hati, ambayo ngazi zake hufika 400 na ambayo ndiyo hutengeneza viti, meza, miti, taa, sanamu, vipande vya kuta na mamia ya vitu vingine vya kupamba. Toka siku ya kwanza fani hii imejulikana kuwa miongoni mwa zilizo ghali kuliko zote kuinua, kwa sababu hula mchanga, wino, karatasi na mali ghafi za fani nyingine, na kwa sababu anayeinua ngazi zake hatengenezi kitu cha kujinufaisha yeye peke yake. Vyama vingi, kikiwemo chetu, humteua mtu mmoja kuwa mwandishi na kumlisha mali. Mwandishi wetu alifika ngazi ya juu baada ya karibu mwaka mzima. Kazi yake ni nzuri, tena nzuri sana: ametengeneza njia yenye taa pande zote mbili kutoka mlangoni hadi baa, ameweka vitalu vya maua, na juu ya genge ameegemeza nguzo na mbao kiasi kwamba anayesimama pale hujiona yuko kwenye ghorofa.

Ubaya wake ni kwamba mapambo haya hayafanyi kazi yoyote. Kiti hakimwondolei mtu uchovu, taa haifukuzi giza la hatari yoyote, kwa kuwa ukumbini hakuna hatari. Wahenga wa pwani walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na kwa ukumbi wa chama ndani kwenyewe ndiko kunakokosa kitu cha kufanya. Mgeni huja, huzunguka dakika kumi, husema maneno mazuri, huondoka. Nimetembelea kumbi za vyama vikubwa vilivyotumia dhahabu ambayo sisi tungeikusanya kwa miaka minne, na kila mara nimekuta hali ileile: kasri lenye maporomoko ya maji, mnara, maktaba, na ndani yake watu wawili wamesimama karibu na mhudumu wa baa, mmoja wao akiwa ameenda kula na kumwacha mhusika wake amesimama tu.

Kuna mapambo ya aina moja tu ambayo nayatoa katika hukumu hii, nayo ni yale yaliyogeuzwa kuwa mchezo. Kijana mmoja wa chama chetu, mwanafunzi, alichukua vipande vya bei rahisi, magogo na majabali yaliyobaki, akavipanga hewani juu ya bonde kuwa njia ya kurukia yenye hatua zaidi ya 60, na mwishoni kabisa akaweka kiti kimoja kinachotazama ukumbi mzima kutoka juu. Gharama yake haikufika sehemu ya kumi ya njia ya taa. Watu walishindana pale wiki tatu mfululizo, wakaweka zawadi, wakatukanana kwa upendo, na mpaka leo mwanachama mpya akiingia hupelekwa kule akaanguke mbele ya watu. Ninayemsifu hapa ni kijana yule. Mchezo wenyewe ulimpa magogo tu.

Ukiutazama mchezo wa kwanza wa Guild Wars, uliofunguliwa Aprili 2005, unaona kwamba kampuni ileile iliwahi kuwa na jawabu bora. Kule ukumbi ulipatikana kwa mhuri wa pekee ambao kwanza hushindaniwa vitani na baadaye huuzwa, kisha chama kilichagua kisiwa chake: Burning Isle wenye lava, Frozen Isle wenye barafu, Wizard's Isle, Hunter's Isle na vinginevyo. Kisiwa hicho kilikuwa uwanja wa vita. Chama kilipopambana na chama kingine, wanane kwa wanane, ukumbi wa mmoja wao ndio uliogeuka ramani, na ushindi ulikuwa kumuua bwana wa chama aliyesimama ndani ya ngome ya upande wa adui akilindwa na askari wake. Kwa hiyo kuchagua ukumbi kulikuwa kuchagua namna ya kupigana. Watu walibishana usiku kucha kuhusu mlango wa nyuma, kuhusu daraja, kuhusu mahali lava inapokata njia. Hakukuwa na mapambo ya kuzungumzia. Mwenye benki, mfanyabiashara na wahudumu wengine wachache waliongezwa kwa malipo, basi. Hata hivyo sijawahi kukutana na mchezaji wa zamani ambaye hakukumbuka kisiwa chake, ilhali wa siku hizi nimewauliza rangi ya kuta za baa yao wakasita.

Mfano wa pili ninaoujua vizuri ni Final Fantasy XIV, ambao nimeucheza kwa vipindi, na ambao unaonyesha jambo la fahari kwa hesabu kavu. Kule nyumba za vyama ziko katika mitaa yenye viwanja 60 kila mmoja, na idadi ya viwanja ina kikomo. Kiwanja kidogo huuzwa takriban gil (fedha za mchezo huo) milioni 3 hadi 3.75, cha kati milioni 16 hadi 20, na kikubwa milioni 40 hadi 50, mbali na kibali cha ujenzi ambacho peke yake ni 450,000 kwa nyumba ndogo na milioni 3 kwa kubwa. Kinachozalisha ni karakana ya chama iliyo chini ya nyumba, ambako chama huunda nyambizi hadi nne na kuzituma baharini zirudi na vitu vya kuuza; chama chenye nidhamu hurudisha bei ya nyumba yake kwa njia hiyo na kuendelea kupata faida. Karakana hiyo haibadiliki kwa ukubwa wa nyumba. Nyumba ya milioni 3 ina karakana ileile ya nyumba ya milioni 50. Zile milioni nyingine zote zinanunua nafasi ya samani na uso unaotazama barabara.

Mchezo huo unatufundisha pia upande wa hofu. Nyumba isiyoingiwa na mwanachama yeyote kwa siku 45 huvunjwa ili kiwanja kipate mtu mwingine, ingawa waendeshaji wameusitisha utaratibu huo nyakati za majanga kama lilivyokuwa gonjwa la mwaka 2020. Tangu Aprili 2022 viwanja hugawiwa kwa bahati nasibu. Kabla ya hapo watu walisimama mbele ya kibao cha kiwanja wakibofya kwa saa nyingi bila kujua kitafunguliwa lini. Nimeona vyama vikiendelea kulipa ada ya mwezi kwa ajili ya mtu mmoja tu ambaye kazi yake ni kuingia, kufungua mlango na kutoka. Guild Wars 2, kwa haki yake, haimtesi mtu hivyo. Ukumbi wetu ukiachwa mwaka mzima utakutwa kama ulivyoachwa, na sifa hiyo ni kubwa kuliko taa zote.

Wako watakaosema kwamba bila ukumbi wa fahari chama hakina moyo. Jibu fupi ni mchezo wa World of Warcraft, uliofunguliwa Novemba 2004, ambao vyama vyake viliishi kwa zaidi ya miaka 20 bila ukumbi hata mmoja wa chama, vikakutana kwenye mahodhi ya miji na mbele ya mabenki, na vingine vimedumu mpaka wanachama wake wamepata wajukuu. Watu walikaa pale ambapo walikuwa na sababu ya kukaa. Nyumba za zamani za Waswahili zina baraza la saruji au mawe nje ya mlango, na jioni wazee hawakai sebuleni penye makochi. Wanakaa barazani kwa sababu ndiko watu wanakopita. Ukumbi wa Guild Wars 2 uko mbali na njia ya mtu yeyote. Kuuingia ni kufungua dirisha la chama, kubofya, na kungoja ramani nyingine ipakiwe.

Kungoja huko kwetu si neno dogo. Seva tunazochezea ziko Ulaya, na mtu aliye Afrika Mashariki huanza kila jambo akiwa na ucheleweshaji ambao mwenzake wa Ujerumani haujui. Nikiongeza kompyuta ya mkononi ya miaka minane, ukumbi uliosheheni mapambo huwa mzito kuliko ramani yenye joka. Picha inakatika, mhusika anatembea kwa kurukaruka, na ile njia ya taa iliyotugharimu mwaka hupitwa kama albamu ya picha inayofunuliwa na mtoto. Tulipoligundua hilo tulimwomba mwandishi wetu apunguze vitu kwenye njia ya baa. Alikubali bila manung'uniko, ingawa najua liliumiza. Kiongozi anayepanga kupamba na awaulize kwanza wenye mashine dhaifu katika chama chake, kwa kuwa hao hawatasema wenyewe. Wataacha tu kuja.

Jambo la mwisho la kupima ni nani anabaki. Katika chama nilichokuwamo kabla ya hiki, mchezo tofauti, kiongozi aliondoka akiwa na ufunguo wa kila kitu, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kwa jina la akaunti yake, tulijikuta barabarani siku moja tukiwa watu 20 na michango ya miezi tisa. Hakuiba, kwa maana ya kisheria. Alichoka tu, kama watu wanavyochoka. Katika Guild Wars 2 ukumbi ni wa chama na si wa mtu, na vyeo vinaweza kugawanywa ili asiwepo mmoja mwenye neno la mwisho. Hata hivyo tulichotia hazinani ni sadaka. Kati ya wale 11 waliofungua mlango usiku ule wamebaki watano, na sita walioondoka wameacha mbao zao humo, mmoja wao yule aliyenunua vito.

Kwa chama kinachouliza, basi, ushauri wangu ni huu. Chukueni ukumbi, kwa kuwa usiku wa kuuchukua peke yake una thamani ya dhahabu 100. Karabatini mgodi na baa, wekeni vyanzo vya madini na mimea, fikeni karakana na soko katika ngazi za chini, na hapo simameni mwezi mzima mhesabu ni wangapi wanaopita kila siku. Chama cha vita kiendelee mpaka chumba cha vita bila kuogopa. Fani ya uandishi isikabidhiwe mtu mpaka ajitokeze anayeipenda kazi hiyo hata pasipo kusifiwa, naye asilishwe kwa michango ya watu wasiopenda mapambo. Nikiulizwa nipime kwa kumi, ukumbi wa kawaida, ulioishia baa na mgodi, naupa nane. Ukumbi wa fahari, uliokamilika kama wetu, naupa nne, na moja kati ya hizo nne ni ya njia ya kurukia.

Wiki iliyopita mwanachama mmoja alipendekeza tuhamie Isle of Reflection, kwa hoja kwamba bahari yake ni nzuri na sisi watu wa pwani tungeona kama tumerudi nyumbani. Tulipiga kura, na wengi wakakubali. Kijana wa njia ya kurukia alikuwa wa kwanza kuuliza kama majabali yake yatakuja naye. Mwandishi wetu akamjibu kwamba yatakuja yote, na kwamba taa zake yeye ameamua kuziacha ghalani.